Watoto Kumi na Mmoja wa Nakiete

Kwa mujibu wa Daftari Kuu, Nakiete alikuwa na watoto kumi na mmoja. Kwa mujibu wa tumbo lake alikuwa na mmoja tu, msichana wa miaka tisa, naye asubuhi ile alikaa kwenye benchi la zahanati akining'iniza miguu, amevaa gauni lililopinduliwa ili mishono isimkwaruze, akiuliza kwa nini kabati la dawa limekataa kufunguka.

"Limechoka," alisema Nesi Eliaichi. "Subiri kidogo, Kunda."

Kabati halikuwa limechoka. Lilikuwa na bamba la kioo ubavuni, kubwa kama kisosi, kama yalivyokuwa mabamba yote ya nchi: la mlango wa shule, la bomba la maji, la chumba cha mtihani. Unabandika kiganja, unakandamiza kwa nguvu hadi kioo kiwake kijani, bamba linasoma mistari ya ngozi yako na kuitafuta kwenye Daftari Kuu. Nusu sekunde, umejulikana. Vitambulisho vya kadi vilichomwa moto zamani, tena hadharani, watu wakashangilia, maana kadi hupotea na kiganja hakipotei. Ndivyo walivyoambiwa mikutanoni. Katika mikutano yote ile hakuna aliyeuliza habari za mtoto ambaye kiganja chake hupotea.

Kunda alizaliwa na ngozi isiyoshikana. Kwa watu wengine ngozi ya juu imefungwa kwenye ya chini kwa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Yeye nyuzi hizo hakuzipata. Baba na mama, wazima wote wawili, kila mmoja alibeba nusu ya hitilafu bila kujua, na nusu mbili zikakutana kwake. Akisuguliwa, anavimba lengelenge. Akijikwaa, ngozi inabanduka yote. Kila siku ya Mungu Nakiete huchemsha sindano, huyatoboa malengelenge moja moja, huyakamua maji taratibu, hupaka jeli, hufunga bandeji isiyonata. Ni kazi ya saa mbili, na haiendi bila hadithi. Viganja vikipona huja na kovu, na kovu lina mistari yake mipya, au halina mistari kabisa.

Kosa lilianzia hapo. Kunda alikuwa na miaka miwili bamba lilipoandika SIMTAMBUI kwa mara ya kwanza, na chini yake likaweka neno moja la kubonyeza: MPYA. Bandeji zilikuwa ndani ya kabati, mtoto alikuwa nje anavuja damu. Ulitaka Nesi Eliaichi afanye nini? Alibonyeza. Daftari likadai jina, na likamkataa Namkunda binti Nakiete, jina kamili la Kunda, kwa kuwa huyo alikwisha kuandikwa.

"Nipe jina la bibi yako," nesi alisema.

Nakiete akampa Nanzighe. Kabati likafunguka. Baada ya miezi minane wakatoa Navoneiwa. Kisha Naanjela, kisha wengine. Kwa Wapare mtoto hakosi jina. Ukoo ni mrefu na mabibi ni wengi. Wale wanawake wawili wakafika mahali pa kucheka. "Haya, leo tunamwamsha nani?" nesi alikuwa akiuliza huku akivaa glovu, na Kunda mwenyewe ndiye aliyechagua. Katika miaka saba waliamsha mabibi kumi. Hawakudhani kwamba kuna mahali mashine inahesabu.

Ilikuwa inahesabu. Asubuhi hiyo badala ya MPYA bamba liliandika maneno mengi: Mama huyu ana watoto kumi na mmoja. Kumi hawakuonekana tena baada ya kuandikishwa. Awafikishe wote Ofisi ya Viganja ya wilaya ndani ya siku saba. Huduma zote zimesitishwa.

Nesi Eliaichi aliyasoma mara mbili. Kisha akaenda wodini, akarudi na shuka jeupe lililofuliwa, akaanza kulichana vipande vyembamba na kuvichovya kwenye mafuta. Nakiete alishika upande wa pili wa shuka ili lichanike sawasawa. Alikuwa na hasira, na hakujua amtupie nani, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni kabati.

*

Bwana Mrindoko, afisa wa viganja wa wilaya, hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wameadimika siku hizi. Wamebaki watu wa utaratibu.

"Shikamoo," Kunda alimwamkia.

"Marahaba," alijibu akisoma kioo chake. "Mama Namkunda, nimeita watoto kumi na mmoja. Naona mmoja."

"Ndio hao wote, baba. Ni huyu."

Nakiete akamweleza. Alieleza ngozi, makovu, kabati, neno MPYA, majina ya mabibi. Nesi Eliaichi, aliyepanda naye gari alfajiri akiwa na sare yake ya kazi, alidakia kila alipoona mwenzake anasitasita. Bwana Mrindoko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasukuma bamba la mezani mbele ya mtoto.

"Aweke mkono nithibitishe."

"Mkono una kidonda, nimetoka kukueleza sasa hivi."

"Nimekuelewa, mama. Lakini maelezo siwezi kuyaingiza. Naingiza kiganja."

Kunda akamtazama mama yake, akafungua bandeji mwenyewe, kwa meno na kwa subira, kama alivyozoea. Aliweka kiganja juu ya kioo. Kioo hakikuwaka. "Kandamiza," alisema Bwana Mrindoko. Akakandamiza. "Kidogo tena." Mtoto akafumba macho akaegemea mkono kwa uzito wa mwili wake wote, na alipouinua, ngozi ya chini ya vidole ilibaki kwenye bamba, nyembamba kama ganda la kitunguu. Kioo kikaandika SIMTAMBUI. Kikauliza: MPYA?

Bwana Mrindoko alichukua karatasi laini akafuta kioo. Alifuta vizuri, pembe zote nne.

Nakiete alikuwa amesimama bila kujijua. "Umeona?" alisema. "Umeona kwa macho yako? Basi sema huyu ni mmoja!"

"Kuona nimeona, mama. Ila mimi si bamba."

"Bandikeni jicho basi! Limsome uso. Uso wake haubadiliki."

"Lilikuwepo," alisema mtu mwingine. Alikuwa Daktari Kileo, kijana nadhifu wa mradi wa viganja, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote na mkoba magotini. "Mabamba ya kwanza yalikuwa na jicho. Wakaona waliolihitaji nchi nzima ni watu mia mbili na ushee, wakaliondoa. Sasa tunawasaidia kwa njia nyingine." Akafungua mkoba. "Mama, ninachokuletea ni habari njema."

Ndani ya chupa ya maji safi kilielea kiganja. Hakikuwa mkono, ilikuwa ngozi tu, rangi ya kahawia kama ya Kunda kabisa, na mistari yake imepangika kama shamba lililolimwa kwa trekta. Daktari alieleza vizuri, bila majivuno. Ngozi hiyo huoteshwa maabara kutokana na chembe za mtoto mwenyewe, hitilafu ikiwa imerekebishwa na nyuzi za kushikiza zikiwa zimeongezwa maradufu. Ngozi ya zamani hukatwa hadi kwenye nyama, mpya hupandikizwa, wiki sita mtoto anarudi nyumbani. Haibanduki. Haivimbi. Mistari haibadiliki mpaka kaburini.

Nakiete aliinyooshea chupa mkono, na tusimdanganye mtu, hakuunyoosha kwa hasira. Kwa miaka tisa alikuwa akiomba hilo hilo. Alikuwa ameomba kanisani na barazani, alikuwa ameomba huku sindano iko mkononi: Mungu, angalau viganja. Angalau ashike kalamu. Baba yake Kunda, aliyekuwa akiendesha malori ya Zambia, alikuwa akiomba hivyo hivyo kwa simu kila Jumapili. Na sasa jibu lilikuwa mezani ndani ya chupa.

"Na magoti?" aliuliza polepole. "Mgongo? Kooni kwake mle, chakula kinapomchuna akimeza?"

"Mradi unahusu viganja."

"Kama mnaweza kuotesha cha mkono, cha goti kinashindikana vipi?"

Daktari akakohoa. "Kitaalamu hakishindikani. Ila bamba halisomi goti, mama."

Kunda ndiye aliyesogea kwenye chupa, akainama, akakitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Kinasikia?" aliuliza.

"Kinasikia nini, mdogo wangu?"

"Baridi. Manyoya ya kifaranga. Shavu la mama."

Daktari Kileo alikuwa mkweli, tumpe haki yake hiyo. "Hapana," alisema. "Mishipa ya hisia haiungani na ngozi hii. Inakuwa kama umevaa glovu. Lakini tutakufunga bangili, ukigusa kitu itatoa mlio, utajua umegusa."

"Nikimgusa mama itatoa mlio?"

"Ndiyo."

"Na nikigusa meza?"

"Ndiyo."

"Mlio ule ule?"

Nakiete akauliza kwa niaba ya wote wawili: "Akifika miaka kumi na minane akasema anataka hisia zake, mnamrudishia?"

"Hazirudi, mama. Kilichokatwa kimekatwa."

*

Bwana Mrindoko aliuweka utaratibu mezani hatua kwa hatua, kama mtu anayepanga sahani. Mama aweke sahihi mtoto apandikizwe viganja. Viganja vikishaota, bamba litamtambua kwa mkono mmoja wa kudumu, na atakuwa Namkunda, basi. Wale kumi waliobaki watafungwa kwenye Daftari. Kuwafunga kunahitaji hati kumi za kifo, mama aseme kila mmoja alikufa lini na kwa nini. "Andika homa," alishauri kwa upole. "Homa haina maswali."

"Niandike mwanangu amekufa mara kumi."

"Si huyu. Hao wengine."

"Wengine wepi?" Nakiete alipaza sauti mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia. "Huyu ndiye Nanzighe! Huyu ndiye Naanjela! Nimemzaa mmoja, nimemwosha mmoja, nyie mashine yenu ndiyo imezaa kumi, mniambie mimi nizike?"

"Mama, wahenga walisema kata pua uunge wajihi."

"Walisema pua yako, baba. Hawakusema ya mtoto wa mwenzio."

Nesi Eliaichi alikuwa amevua beji yake ya jina, akaiweka juu ya meza. "Aliyebonyeza ni mimi. Mara kumi. Niandike mimi, huyu mama mwache."

"Sista, kukiri kwako kunaniongezea mtuhumiwa. Hakunipunguzii watoto." Bwana Mrindoko alisema hayo kwa uchovu, na bila shaka alikuwa na watoto wake nyumbani, na bila shaka aliwapenda. "Mama Namkunda, nikueleze na njia ya pili ili usije ukasema sikukuonya. Usipotia sahihi, una watoto kumi waliopotea. Hilo ni shauri la jinai. Utaripoti hapa kila Jumatatu, hutatoka nje ya wilaya, na ukitiwa hatiani ni miaka saba, na hicho ni kiwango cha chini. Mtoto atakaa nyumbani chini ya uangalizi wa balozi wa nyumba kumi. Na hapo usitegemee tena viganja. Mtoto anakuwa kielelezo cha mahakama, na kielelezo hakiguswi. Hakuna daktari atakayemtia kisu mpaka hukumu. Mashauri ya namna hii yanakwenda miaka mitatu, minne."

Alisema kwa kutisha. Alidhani anafunga mlango.

Nakiete alikaa chini. "Rudia hapo," alisema. "Hakiguswi?"

"Hakiguswi, hakibadilishwi. Kinatunzwa kama kilivyo."

"Nani anakitunza?"

"Serikali. Ni sheria ya ushahidi. Kielelezo kikiharibika kabla ya hukumu, nawajibika mimi."

"Bandeji zake?"

Bwana Mrindoko akapekua kurasa kwenye kioo chake. "Zitatolewa," alisema mwishowe. "Kwa barua yangu. Bila bamba."

Nesi Eliaichi alicheka kicheko kimoja kikavu. "Mtoto hana haki ya bandeji," alisema, "ila kielelezo kinayo. Tumefika."

Nakiete hakucheka. Alikuwa anapima, na mizani yenyewe ilikuwa moyo wake. Upande mmoja viganja vizima, kalamu, mlango wa shule ukifunguka, na mtoto asiyejua tena kama alichoshika ni shavu au meza. Upande wa pili vidonda vile vile, sindano ile ile kila asubuhi, na pengine miaka saba ya jela ambamo sindano hiyo itashikwa na mwingine. Hakukuwa na upande wa tatu. Ungekuwepo kama kuna mtu angethubutu kusema mashine imekosea, lakini nchi nzima watu walikuwa wameshajifunza kwamba mashine haikosei, anayekosea ni ngozi.

Akamvuta Kunda, akamkalisha magotini kwa namna aijuayo, bila kumbana mahali. "Mwanangu, umesikia yote. Unasemaje?"

"Nataka shule," alisema Kunda.

"Najua."

"Na mikono nataka hii hii."

"Vyote viwili hawanipi. Nimewaomba, umesikia."

Kunda alifikiri. Aliutazama mkono uliochunika, akautazama wa pili uliofungwa. "Shule tutawaomba tena," alisema. "Mikono wakishaikata hatuna cha kuomba."

Nakiete alilia hapo, waziwazi, kamasi na yote, na hakuona haya. Alilia kwa sababu mtoto wa miaka tisa alikuwa amelazimishwa kusema jambo ambalo watu wazima wenye ofisi, viyoyozi na digrii walikuwa wameshindwa kulisema. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Niandikie shauri," alimwambia afisa. "Watoto wangu kumi wamepotea."

"Mama, fikiri."

"Nimefikiri. Andika."

Daktari Kileo akafunga mkoba wake. Akatoka.

Hati ya mtoto aliyepotea ilikuwa bado ya karatasi. Ilikuwa moja ya hati chache zilizobaki hivyo, kwa sababu bamba haliwezi kumsoma asiyekuwepo, kwa hiyo lazima mtu amweleze mtu, na afisa aandike kwa kalamu maneno yale yale aliyoambiwa, chini yake aweke jina lake. Bwana Mrindoko alitoa nakala kumi kutoka kwenye droo, akapuliza vumbi.

"Jina?"

"Nanzighe."

"Umri?"

"Miaka tisa."

"Alama ya kumtambulisha?"

"Ngozi yake haishikani. Ana kovu la umbo la mwezi chini ya sikio la kushoto. Jino la mbele limeng'oka juzi."

Kalamu ilikuwa ikikwaruza. "Mahali alipoonekana mara ya mwisho?"

"Hapa."

Bwana Mrindoko alisita. "Mama."

"Si unaandika ninavyosema? Hapa. Mbele ya meza yako."

Akaandika. Akavuta ya pili. Navoneiwa, miaka tisa, kovu la mwezi, jino. Hapa, mbele ya meza yako. Ya tatu, Naanjela. Nakiete alijibu kila swali kwa ukamilifu, bila kuruka neno, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma majina msibani. Kwenye ya nne Bwana Mrindoko alilegeza tai. Kwenye ya sita aliomba maji, akayanywa, akaendelea. Karani wa chumba cha pili alikuwa amesimama mlangoni na faili zake kifuani na hakuna aliyemwambia aondoke. Kwenye ya nane afisa hakuuliza tena alama ya kumtambulisha. Aliandika mwenyewe, alikuwa ameikariri.

Walipofika ya kumi Kunda alishuka magotini kwa mama yake, akazunguka meza, akasimama ubavuni mwa kiti cha afisa.

"Jina?" aliuliza Bwana Mrindoko, kichwa kimeinama.

"Nakijwa," alijibu Kunda mwenyewe.

"Mahali alipoonekana mara ya mwisho?"

"Hapa. Lakini wewe huniangalii."

Kalamu ikasimama. Bwana Mrindoko, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameangalia kioo, bamba, chupa na karatasi, aliinua uso akamwangalia. Alimwangalia kwa muda: kovu chini ya sikio, pengo la jino, gauni lililopinduliwa, mkono uliokuwa bado unachuruzika kwenye kitambaa cha shuka la zahanati. Kisha akainama, na pale ambapo sheria ilimtaka aandike maneno yale yale aliyoambiwa, aliandika kwa herufi kubwa: HAPA. NAMWANGALIA. Akaweka jina lake chini, na hati ikapata shahidi asiye bamba.

Alimgeuzia Nakiete hati zote kumi, kalamu juu yake. Nakiete akaweka sahihi mahali palipoandikwa Mtuhumiwa, moja baada ya nyingine, bila haraka.